Kijiji cha India: utakitazama kwa jicho la nani?

Anayeanza kufuatilia siasa za India hukutana na neno kijiji mapema sana: kwenye hotuba, kwenye kampeni, kwenye majina ya miradi ya serikali. Si ajabu, maana sensa ya 2011 iliwakuta vijijini watu wapatao milioni 833, karibu 69 katika kila 100. Kinachochanganya ni kwamba wanaolitamka neno hilo hawasemi kitu kimoja. Huyu akisema kijiji anakusudia mahali ambapo binadamu anaweza kujitawala. Yule anakusudia mahali ambapo mtoto ananyimwa maji ya kunywa. Na wote wawili walizungumzia nchi ileile, miaka ileile, mara nyingine wakijibizana.

Kwa hiyo kama unaandika insha, unajiandaa kwenda kusoma Pune au Bangalore, au unataka tu kuelewa habari za uchaguzi wa huko, itabidi uchague pa kusimama unapokitazama kijiji hicho. Nimewaweka hapa wanne: Mohandas Gandhi, Jawaharlal Nehru (waziri mkuu wa kwanza wa India), B. R. Ambedkar na mwanasosholojia M. N. Srinivas. Sitawagawia nafasi sawa.

Kwanza, weka ujamaa pembeni kidogo. Msomaji wa Kiswahili akisikia "kijiji na siasa" akili humkimbilia Mwalimu Nyerere, Azimio la Arusha la 1967 na operesheni za vijiji za miaka ya 1970. Kule watu walihamishwa ili kijiji kipatikane. India kijiji kilikuwapo tayari, na ndani yake kila mtu alikuwa na upande wake wa kukaa, aliopangiwa na kuzaliwa kwake. Ubishi wa India ulikuwa kama kijiji hicho kihifadhiwe, kirekebishwe au kikimbiwe.

Jambo jingine la kuweka akilini: hakuna hata mmoja kati ya wanasiasa hawa watatu aliyezaliwa kijijini. Gandhi alizaliwa Porbandar, mji wa bandari wa Gujarat, pwani ileile iliyopeleka majahazi Zanzibar na Mombasa. Nehru alikuwa mtoto wa wakili tajiri wa Allahabad. Ambedkar alizaliwa Mhow, kwenye kambi ya jeshi, baba yake akiwa askari. Hata ile sifa maarufu kwamba vijiji vya India ni "jamhuri ndogo" zinazojitosheleza haikutoka kinywani mwa mkulima. Ilienezwa na ofisa wa Kiingereza, Charles Metcalfe, katika waraka wa 1830, wakati serikali yake ikiwaza namna ya kukusanya kodi ya ardhi.

Gandhi: kijiji kinachoamua chenyewe

Majaribio ya kwanza ya Gandhi ya kuishi kishamba yalifanyika Afrika Kusini: Phoenix, karibu na Durban, mwaka 1904, na shamba la Tolstoy karibu na Johannesburg mwaka 1910. Aliporudi kwao aliendelea, na mwaka 1936 akahamia Segaon, jirani na Wardha, katikati ya India. Kijiji hicho baadaye kikaitwa Sevagram, yaani kijiji cha utumishi. Mwishoni mwa mwaka huohuo chama cha Congress kikafanya mkutano wake mkuu kijijini kwa mara ya kwanza, huko Faizpur.

Picha yake kamili aliiandika Julai 1942. Kijiji kilime chakula chake na pamba ya nguo zake. Kiwe na malisho, uwanja wa kuchezea watoto na wakubwa, shule, ukumbi, hata jumba la maigizo. Kiwe na maji safi. Kiongozwe na panchayati, baraza la watu watano wanaochaguliwa kila mwaka na watu wazima wote, wanaume kwa wanawake. Kutoguswa, yaani desturi ya kuwahesabu watu wa matabaka ya chini kabisa kuwa najisi, kusiwepo. Miaka minne baadaye akaongeza mfano ninaoupenda: jamii isiwe kama piramidi, ambapo walio chini wanawabeba walio juu, bali iwe kama duara za mawimbi baharini, mtu akiwa katikati, kijiji kikimzunguka, na vijiji vingine vikikizunguka hicho.

Ni rahisi kumcheka na kumwita mzee wa ndoto, lakini tusimwonee. Yeye mwenyewe aliandika kwamba badala ya vijiji vya kupendeza, nchi imejaa majaa ya samadi, na mapambano yake na kinyesi cha wazi yalianza zamani kabla serikali haijafikiria kampeni ya vyoo. Katika barua aliyomwandikia Nehru Oktoba 1945 alikiri kwamba kijiji anachokisema kimo bado kichwani mwake tu.

Gandhi ana nguvu unapouliza: nani anaamua, na fedha zinakwenda wapi? Aliona mji unakula jasho la shamba, na akataka uamuzi ushuke. Anapolegea ni pale anapotegemea mioyo ya wenye nguvu ibadilike. Mfuasi wake Vinoba Bhave alizunguka nchi kwa miguu kuanzia Aprili 1951, akianzia Pochampally huko Telangana, akiwaomba wenye mashamba wawagawie wasio na ardhi. Waliahidi. Lakini sehemu kubwa ya kilichoahidiwa ilikuwa mawe matupu, au ina kesi, au haikumfikia aliyekusudiwa.

Nehru, kwa ufupi

Nehru alimjibu Gandhi siku chache tu baada ya ile barua. Alisema kijiji, kwa kawaida, kiko nyuma kiakili na kiutamaduni, na mazingira ya nyuma hayazai maendeleo. Tena watu wenye mawazo finyu ndio wepesi wa uongo na ukatili. Alitaka mabwawa, viwanda, umeme, mbolea. Kijiji kwake ni mgonjwa anayesubiri daktari kutoka Delhi.

Sina mengi ya kuongeza kwa sababu jicho hili unalijua tayari. Ndilo la ripoti karibu zote za maendeleo duniani. Linafaa kwa kuhesabu barabara na nguzo za umeme. Halioni kwamba barabara inaweza kufika kijijini ikaishia kwenye nyumba za wakubwa.

Ambedkar: vijiji viwili ndani ya kimoja

Hapa ndipo nataka tukae.

Mwaka 1901 hivi, mtoto wa miaka kama tisa alifunga safari ya treni pamoja na kaka yake na watoto wa dada yake, kumfuata baba aliyekuwa mtunza fedha kwenye mradi wa serikali mkoa wa Satara. Walivaa vizuri. Waliposhuka stesheni ya Masur, baba hakuwapo, maana barua ya kumjulisha haikumfikia. Mkuu wa stesheni aliwachangamkia mpaka alipouliza wao ni nani. Mtoto akajibu bila kufikiri: sisi ni Wamahar. Mahar ni tabaka la wasioguswa. Uso wa yule bwana ukabadilika.

Hakuna mwenye mkokoteni aliyekubali kuwapakia, hata kwa nauli maradufu. Mwisho akapatikana mmoja, kwa sharti: watoto waendeshe ng'ombe wenyewe, yeye atembee pembeni, asije akachafuka. Chakula walikuwa nacho. Maji hawakuwa nayo. Usiku kwenye kibanda cha ushuru mtoto alijaribu kudanganya kwamba wao ni Waislamu, akaomba maji kwa Kiurdu. Akajibiwa kwamba hakuna aliyewawekea maji, yapo kilimani, wakayafuate. Wakalala na kiu, na chakula hakikulika.

Mtoto huyo ni Bhimrao Ambedkar. Baadaye alisoma New York na London, akawa mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya Katiba ya India. Aliposema neno "kijiji" alikuwa na kiu ya usiku ule kooni.

Hoja yake ukiisoma ni ya mpangilio wa nyumba kuliko ya hisia. Kijiji cha India, alisema, si kimoja. Kuna makazi ya wanaoguswa, na nje yake kuna kitongoji cha wasioguswa; Maharashtra huitwa maharwada, Tamil Nadu huitwa cheri. Kitongoji hicho ni maskini, hakina ardhi, na kinaishi kwa kuutumikia ule mji wa ndani: kubeba mizoga, kufagia, kupeleka taarifa za misiba. Ukiwa na majirani wa namna hiyo, "kujitawala kwa kijiji" maana yake ni kwamba wa ndani wanawatawala wa nje bila hakimu wa kuwaamulia.

Na hakuishia kuandika. Machi 20, 1927, aliwaongoza maelfu ya watu mpaka kwenye bwawa la Chavdar, katika mji mdogo wa Mahad, akayanywa maji yake. Kisheria bwawa lilikuwa limeshafunguliwa kwa wote. Uamuzi wa manispaa ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuthubutu kuchota. Walipomaliza walipigwa, na baadaye wenyeji wakalitakasa bwawa kwa mchanganyiko wa kinyesi na mkojo wa ng'ombe. Ukitaka kuelewa kwa nini Ambedkar hakuamini mila wala moyo mwema, anzia hapo: sheria ilikuwepo kwenye karatasi, mila ikaizuia.

Novemba 4, 1948, miezi tisa hivi baada ya Gandhi kuuawa, alisimama katika Bunge la Katiba. Wajumbe walikuwa wamelalamika kwamba rasimu haina harufu ya kijiji. Akawajibu kwamba hizo jamhuri ndogo za Metcalfe ndizo zilizoiangamiza India. Akauliza kijiji ni kitu gani kama si pango la ujinga, ufinyu wa mawazo na ubaguzi wa kijumuiya, akasema amefurahi kwamba Katiba imekiacha kijiji na kumchukua mtu mmoja mmoja kuwa msingi wake.

Ana pengo lake. Alitumaini kwamba mji utayeyusha yale ambayo kijiji kimeyagandisha. Umeyapunguza, kweli, kwenye basi la Mumbai hakuna anayekuuliza ukoo kabla hujakaa. Lakini wengi wa wanaoshuka kwenye mifereji ya majitaka mijini mpaka leo ni Wadalit, jina la leo la wale walioitwa wasioguswa, na mwenye nyumba hujua namna ya kuuliza jina la ukoo bila kuonekana anauliza.

Srinivas: nani hasa ana nguvu hapa?

Mwaka 1948 huohuo, kijana Mbrahmini aliyetoka kusomea Oxford aliingia kijiji alichokipa jina la Rampura, karibu na Mysore, akakaa miezi akiandika kila alichokiona. Mwaka 1970, akiwa Stanford, Marekani, ofisi yake ikachomwa moto na nakala zote za maandishi aliyokuwa ameyachambua kutokana na utafiti ule zikateketea. Akakaa akaandika kitabu kwa kumbukumbu, kikatoka mwaka 1976.

Alichotuachia cha maana zaidi ni dhana ya tabaka lenye nguvu. Vitabu vya dini vinaweka Wabrahmini juu. Srinivas akasema angalia shambani: mwenye amri ni tabaka lenye watu wengi, ardhi nyingi, na ambalo halihesabiwi kuwa la chini mno. Rampura walikuwa Wavokkaliga. Haryana ni Wajat, Maharashtra Wamaratha, Gujarat Wapatel. Ukiielewa hii, nusu ya siasa za majimbo ya India inaacha kuwa fumbo.

Aliibomoa pia hadithi ya kujitosheleza. Chumvi ilitoka nje. Gulio la kila wiki lilikuwa kijiji kingine. Na kaskazini mwa India kwa kawaida binti haolewi kijijini kwao, kwa hiyo karibu kila mke aliyemo humo ni mgeni aliyetoka mahali pengine. Jamhuri gani hiyo ambayo nusu ya raia wake wazima wamehamia kwa ndoa? Gandhi hakulijibu hilo, wala Ambedkar, na Srinivas mwenyewe hakulipeleka mbali.

Wote wanne kisimani

Ukiwapeleka wanne hawa kwenye kisima kimoja kijijini utawajua haraka. Gandhi atawaomba wenye kisima wakifungue kwa wote, na wakikataa atafunga kula. Nehru atauliza bomba kutoka bwawa kubwa litafika lini. Ambedkar atachota mbele yao, akiwa na nakala ya sheria mfukoni na polisi wa serikali nyuma yake. Srinivas ataketi kivulini aulize kisima kimechimbwa kwenye shamba la nani na mwenye shamba ni shemeji wa nani.

Baraza: hapo wamechanganyika

Siku 18 baada ya hotuba ya Ambedkar, Bunge la Katiba lilipitisha kifungu kilichopendekezwa na K. Santhanam, ambacho ndicho cha 40 leo: serikali ichukue hatua za kuunda panchayati za vijiji. Kiliwekwa kwenye sehemu ya miongozo, yaani ahadi ambayo huwezi kuidai mahakamani. Wafuasi wa Gandhi wakapewa mfupa. Oktoba 2, 1959, siku ya kuzaliwa Gandhi, Nehru, yuleyule aliyesema kijiji kiko nyuma, akazindua mfumo wa panchayati huko Nagaur, Rajasthan. Kisha majimbo mengi yakaacha mabaraza yalale, uchaguzi ukiahirishwa miaka na miaka.

Mambo yalibadilika kwa marekebisho ya 73 ya Katiba, yaliyoanza kazi Aprili 24, 1993. Uchaguzi kila miaka mitano, lazima. Mkutano mkuu wa kijiji unatambuliwa kikatiba. Na viti vinatengwa: angalau theluthi kwa wanawake, na kwa Wadalit na watu wa makabila ya asili, Adivasi, kulingana na idadi yao, pamoja na nafasi za uenyekiti. Usifikirie viti maalumu vya kwetu vinavyogawiwa na vyama. Kule kiti kinatangazwa ni cha mwanamke, kisha wanawake wanagombea na kijiji kizima kinapiga kura. Bihar ilikwenda mbali zaidi mwaka 2006, ikatenga nusu. Leo kuna panchayati za vijiji zaidi ya 250,000.

Ukiitazama vizuri, sheria hiyo ni kikapu cha Gandhi chenye wasiwasi wa Ambedkar ndani yake. Baraza limerudi, lakini haliaminiwi peke yake.

Na wasiwasi ulikuwa na sababu. Melavalavu, wilaya ya Madurai, Tamil Nadu, kiti cha mwenyekiti kilitengwa kwa Wadalit. Aliyechaguliwa, Murugesan, aliuawa Juni 1997 pamoja na wenzake watano. Wilaya hiyohiyo, Pappapatti na Keeripatti, tabaka lenye nguvu lilihakikisha kwa miaka kumi, tangu 1996, kwamba kiti kilichotengwa hakikaliwi: ama hapatikani mgombea, ama anayeshinda anajiuzulu papo hapo. Uchaguzi wa maana ulifanyika mwaka 2006. Kwingineko mchezo ni wa upole zaidi. Mwanamke anachaguliwa, mumewe ndiye anayekaa mezani na muhuri. Hata jina lipo, sarpanch pati, mume wa mwenyekiti.

Basi uchague nani?

Kama kazi yako ni maji, misitu au bajeti za chini, chukua Gandhi, lakini usimchukue peke yake. Hiware Bazar, Maharashtra, ni mfano mzuri: wanakijiji walijenga makinga maji vilimani, wakakataa mazao yanayokausha visima kama miwa, na kijiji kilichokuwa kinakimbiwa kikaanza kurudisha watu wake. Jirani yake katika wilaya hiyohiyo, Ralegan Siddhi ya mwanaharakati Anna Hazare, nayo ilisifiwa kwa maji. Ila huko walevi walifungwa kwenye nguzo na kuchapwa. Anayesoma kwa jicho la Gandhi huiruka sentensi hiyo. Wa Ambedkar huanza nayo.

Kwa siasa za uchaguzi na migomo, Srinivas hana mpinzani. Wakulima walipopiga kambi nje ya Delhi kuanzia Novemba 2020 mpaka serikali ikaziondoa sheria tatu za kilimo mwishoni mwa 2021, vichwa vya habari vilisema "vijiji vimeinuka". Vijiji vipi? Waliojaa kwenye matrekta walikuwa zaidi wenye mashamba wa Punjab, Haryana na magharibi ya Uttar Pradesh. Punjab ndilo jimbo lenye asilimia kubwa kuliko yote ya Wadalit, karibu 32 katika kila 100, na ardhi waliyonayo ni kidogo mno. Ushindi ulikuwa wa kweli. Ila ni wa upande mmoja wa kijiji, na bila Srinivas hutajua ni upande upi.

Kwa mengine yote mimi naanza na Ambedkar. Si kwa sababu alikuwa sahihi kila mahali. Nimesema mji haukumtimizia. Ni kwa sababu swali lake linaweza kujibiwa kwa miguu: ingia kijijini, uliza wanaofagia wanalala upande gani, bomba lao liko wapi, na siku ya mkutano mkuu wanaketi kwenye kiti au sakafuni. Ukipata majibu hayo, Gandhi anakuwa na manufaa zaidi, kwa sababu sasa unajua kinachomzuia. Ukianza na Gandhi, unaweza kukaa mwezi mzima kwa mwenyekiti, ukanywa chai yake, na usijue kitongoji kiko upande gani.

Kama unataka maandishi ya kuanzia, chukua Katiba yenyewe. Soma kifungu cha 40, ambacho ni sentensi moja isiyotaja tabaka lolote, kisha ruka mpaka 243D uhesabu ni mara ngapi wametajwa wale ambao kile cha kwanza hakikuwaona.